Malkia Amam wa Uramuram

Siku ile Laini hakwenda kwa mtalaka wake kumtapeli mtu. Hilo lisemwe mapema, maana nafasi za kumtetea huyu bwana ni chache. Alikwenda kudai pasi.

Suti yake ilikuwa imekunjamana, na tapeli aliyekunjamana hana kazi. Mtu akikujia na maneno matamu huku shati lake limejaa makunyanzi, unashika mfuko. Akija amenyooka kama rula, unamvutia kiti na kumuuliza anakunywa nini. Laini aliyajua hayo kuliko alivyojua siku yake ya kuzaliwa, ambayo aliibadilisha kila ilipomfaa. Ndiyo maana akaitwa Laini: suti laini, sauti laini, na mkono laini kuliko vyote, ulioweza kuingia mfukoni mwa mtu bila kuamsha hata sarafu iliyolala.

Mtalaka wake aliitwa Fundi Chupa. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya mabati, katikati ya vilima vya chupa zilizotupwa na watu: za kijani, za kahawia, na nyingi zisizo na rangi. Mwanamke huyu alizikusanya majalalani, akaziloweka mpaka lebo zikabanduka, akazivunja ndani ya gunia zisije zikamrukia usoni. Kisha aliyasugua makali kwenye jiwe lake la umeme, akavipaka rangi vipande visivyo na rangi, akavipanga kimoja kimoja kwa gundi, mpaka takataka ya jana ikawa samaki, au ua, au jua linalochomoza. Watu waliopita getini walisimama kuangalia. Laini alipokuwa mume wa nyumba hiyo hakuwahi kusimama. Yeye alikuwa akipita tu, mara nyingi akiwa amebeba kitu cha kwenda kuuza.

"Pasi ipi?" Fundi Chupa aliuliza bila kuinua kichwa. "Ile uliyoiweka rehani, au ile uliyomuuzia mjomba wangu haina waya?"

"Ile ya tatu."

"Ya tatu natumia. Ukitaka kunyooshwa, panda hapo mezani ulale."

"Bado una mdomo, mama."

"Na wewe bado una mikono. Iweke mfukoni. Mfuko wako mwenyewe."

Laini alicheka, akageuka aondoke. Hapo ndipo jicho lake lilipomwona tausi.

Alikuwa ameegemezwa ukutani, nusu amefunikwa na shuka kuukuu, mrefu kumpita mtu mzima. Shingo yake ilikuwa ya vipande vya buluu vilivyobebana kama magamba. Mkia ulitandazwa wote, na kila jicho la mkia lilikuwa kitako kizima cha chupa, cha mviringo, kilichopakwa rangi tatu. Vipande vyote vilibanwa katikati ya vioo viwili vya madirisha yaliyobomolewa, kwa hiyo ndege alionekana mbele na nyuma sawasawa. Chini ya miguu yake ulipita utepe wa maandishi meusi yenye mikia na maua.

Moyo wa Laini ulipiga hatua ya ngoma. Alilivuta shuka.

"Hiki nini?"

"Umepofuka? Tausi."

"Namwona. Nauliza haya maandishi. Ya lugha gani?"

Fundi Chupa aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama Laini, akaitazama kazi yake, akamtazama Laini tena. Kuna kitu kilimcheza pembeni mwa mdomo.

"Soma, msomi."

Laini alikaza macho. Herufi zilikuwa na madoido mengi, na baadhi yake zilisimama kama walevi, zimegeukia upande usiotakiwa. Lakini Laini hajawahi kushindwa na kitu asichokijua.

"U-ra-mu-ram," alisoma. "Amam. Awk. Inubirak."

Fundi Chupa alipaliwa. Alikohoa mpaka akalazimika kukaa juu ya kreti.

"Umesemaje hapo katikati?"

"Amam."

Akakohoa upya. "Vumbi la kioo hili," alisema, akipangusa machozi kwa pindo la khanga. "Usinijali. Una sauti nzuri, wallahi. Amam!"

Laini hakuwa akisikiliza. Alikuwa kwa kinyozi asubuhi ile, na kwa kinyozi alikuwa amesikia habari. Mama Marumaru, mwenye ukumbi wa harusi ulioezekwa, kutandikwa na kuvalishwa marumaru mpaka vyooni, alikuwa halali usingizi. Mwenye ukumbi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amejenga chemchemi ya maji yenye taa, na maharusi wote walikuwa wakihamia huko kupiga picha. Mama Marumaru alikuwa ameapa kutafuta kitu kisichouzwa katika duka lolote. Kitu cha kale. Kitu chenye historia.

Na Laini, kama kuna kitu alichoweza kukitengeneza kwa kiwango cha juu, ni historia.

"Huyu ndege unamuuza?"

"Ilikuwa oda ya mtu, tukashindwana. Msimu mzima yupo hapa ananiziba njia. Kila anayemtaka, nikimwonyesha upande wa pili anaghairi. Huniulizi oda ya nani?"

"Historia ya mzigo naiandika mwenyewe. Yako itanichanganya. Kuna mama mmoja mwenye ukumbi, mimi nimpelekee huyu, nikirudi tugawane nusu kwa nusu."

"Mwenye ukumbi?"

"Mwenye ukumbi."

"Wa marumaru?"

"Huyo huyo. Unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu?" alisema Fundi Chupa, na uso wake ukalainika ghafla. Hapo ndipo Laini alipopaswa kushtuka. Katika miaka yote ya ndoa, uso ule haukuwahi kulainika bila mtu kujuta baadaye. "Haya, mchukue. Ila nusu yako naijua, huwa inapotelea njiani. Weka rehani."

"Niweke nini? Nina suti tu, na suti ndiyo jembe langu."

"Una kitu kimeegeshwa getini."

Laini alitazama getini kama mtu aliyetajiwa mwanawe. Pikipiki ile nyekundu ilikuwa kitu pekee maishani alichokipata kwa jasho, na jasho lenyewe likiwa lake. Alibeba zege msimu mzima kuinunua, enzi zile alipokuwa akimchumbia huyu huyu Fundi Chupa na kutaka aonekane mtu. Zaidi ya hapo, ilikuwa chombo cha kazi. Maneno humfikisha tapeli kwenye mali. Kumtoa pale mali ilipo, kunahitaji injini.

"Si pikipiki, mama. Omba figo."

"Figo lako nani ataliamini? Sikiliza. Ukirudi na kitu cha thamani ya kweli, tunagawana, unapanda chombo chako unakwenda. Ukirudi na maneno, inabaki hapa inibebee chupa. Ufunguo na kadi ya umiliki, weka mezani."

Laini alifikiri. Akamwona Mama Marumaru akilini, akaziona na zile kuta zake. Akaweka ufunguo na kadi mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Kesho yake alikuja na mkokoteni wa kuazima. Alikuta upande wa tausi uliokuwa umeelekea ukutani umebandikwa karatasi za mifuko ya saruji, kona hadi kona.

"Kinga," alisema Fundi Chupa. "Usibandue, utakwaruza kazi. Huo ukae ukutani, huu wa maandishi yako uwe mbele."

"Ndio ninaoutaka," alisema Laini. Akaupaka ubao wa fremu majani ya chai na majivu mpaka ukazeeka miaka mia tano kabla ya saa ya chakula.

*

Sasa, tapeli mchanga hubisha hodi akasema nauza. Laini hakuwa mchanga. Alisukuma mkokoteni mpaka mlangoni kwa Mama Marumaru, akafuta jasho, akamwuliza mwenye mlango mwenyewe:

"Samahani, mama yangu. Hapa ndipo penye chemchemi?"

Mama Marumaru alikuwa mwanamke mpana, mwenye macho madogo yaliyotembea kasi kuliko miguu yake. "Chemchemi ni ng'ambo," alisema, kama anayetema mbegu. "Hapa ni ukumbi wa watu wenye akili."

"Basi nimekosea. Kwaheri, mama."

Akageuza mkokoteni. Akahesabu moyoni. Gurudumu halijazunguka vizuri:

"Wewe kijana! Unawapelekea nini hao?"

"Aa, si kitu cha kuuliza hadharani."

"Ingia ndani."

"Nimeagizwa ng'ambo, mama, wananisubiri."

"Nimesema ingia, na hicho kigari chako."

Ndani, katika stoo yenye giza la viti vilivyorundikwa, Laini alifunua shuka kidogo, kama anayemfunua bibi harusi. Mkia wa tausi ulidaka mwanga wa dirisha dogo na kuurusha ukutani kwa rangi zake zote. Mama Marumaru alisahau kufunga mdomo.

"Kilifukuliwa watu wakichimba msingi," Laini alinong'ona. "Mimi ni mtaalamu wa mambo ya kale. Huyu ndege alikaa juu ya kitanda cha Malkia Amam."

"Malkia nani?"

"Amam. Wa Uramuram. Jina lenyewe hili hapa chini, kwa mwandiko wa kasri. Alikuwa mwanamke mmoja tajiri hasa, mpana, mwenye haiba. Wafalme walimpigia magoti. Na alikuwa na jirani yake mwenye wivu, aliyejenga... nisikudanganye... aliyejenga kisima."

"Kisima!"

"Chenye taa."

Mama Marumaru alishika kifua. "Uramuram," alisema taratibu, akilizungusha neno mdomoni kama peremende. "Jina lina utamu wake. Kama nimewahi kulisikia mahali."

"Damu inakumbuka, mama."

Baada ya hapo ilibaki kazi ndogo tu: Laini kukataa kuuza, Mama Marumaru kuomba, Laini kutaja heshima ya nchi, Mama Marumaru kutaja heshima ya ukoo wake. Mwishowe mama alifungua kabati na kutoa kitambaa chekundu. Ndani yake zililala bangili, nzito, nene, zikimemeta.

"Fedha taslimu zote nimezimalizia kwenye sakafu. Hizi aliniachia marehemu mama mkwe. Dhahabu ya zamani, si hii ya siku hizi."

Mate yalimjaa Laini. Alinyoosha mkono.

"Subiri, Mtaalamu!" Mama Marumaru alikunja kitambaa. "Nitakukabidhi Jumamosi mbele ya wageni, kuna harusi kubwa. Uje uwaeleze hiyo historia. Nataka ng'ambo wasikie mpaka maji yao yakauke."

Laini hakupenda hadhara. Lakini bangili zilikuwa zimeshamwita kwa jina.

*

Jumamosi ilipofika, Laini alikwenda kwa miguu, suti ameinyoosha kwa kuilalia chini ya godoro. Ukumbi ulikuwa umefurika. Tausi alikuwa ametundikwa ukutani pale sebuleni pa kuingilia, chini ya pazia jekundu, na wageni walikuwa wamejipanga mbele yake. Mama Marumaru alikaa katikati ya safu ya mbele, kitambaa chake mapajani.

Pazia likavutwa. Wageni wakasema "Aaah!" kwa pamoja, na Laini, mgongo wake kwa tausi na uso wake kwa watu, akafungua mdomo.

"Mabibi na mabwana. Yatazameni maandishi haya. Tangu Malkia Amam afumbe macho, hakuna binadamu aliyeweza kuyasoma yote. Wataalamu wamelia. Maprofesa wameacha kazi. Kwa sababu maandishi haya..."

Akasimama hapo.

Nyuma ya wageni, ukuta mzima wa pili ulikuwa kioo. Mama Marumaru alipenda kujiona akiingia na kujiona akitoka, kwa hiyo alitandaza kioo kutoka sakafuni mpaka darini. Ndani ya kioo kile Laini alijiona mwenyewe, amenyooka, mkono umeinuka. Nyuma ya bega lake alimwona tausi. Na chini ya miguu ya tausi, kwa herufi nzuri zenye mikia na maua, zilizonyooka sasa kila moja na kugeukia inakotakiwa, alisoma:

KARIBUNI KWA MAMA MARUMARU.

Msomaji ambaye alishang'amua hili tangu uani kwa Fundi Chupa anastahili pongezi, ila asimcheke Laini. Kuusoma ulimi wa watu alikuwa hodari. Kusoma kioo kwa nyuma, hakufunzwa. Amam alikuwa Mama. Uramuram ilikuwa Marumaru. Kasri lote la malkia, na wafalme waliopiga magoti, na kisima chenye taa, lilikuwa kibao cha kukaribishia wageni kilichotazamwa kwa upande usio wake.

Jasho lilimtoka mahali asipojua kama panatoka jasho. Mlango ulikuwa kushoto. Bangili zilikuwa mbele. Wageni wote walikuwa wamekipa kioo mgongo. Kama wangebaki hivyo muda kidogo tu...

"Kwa sababu maandishi haya," alisema kwa sauti mpya, "yanataka adabu! Tafadhali, mtu asigeuke. Malkia Amam hakupenda kuonyeshwa mgongo. Waliogeuka walipata... walipata shingo."

"Shingo zipi?" aliuliza mzee mmoja.

"Mbaya, baba. Mama mwenyeji, nadhani tukabidhiane sasa, historia niimalizie siku nyingine."

Lakini kwenye kila harusi yuko shangazi wa bibi harusi, na shangazi wa bibi harusi hajawahi kuogopa malkia. Kilemba chake kilikuwa kimelegea. Aligeukia kioo akikaze, pini mdomoni, kisha pini ikamdondoka.

"Mbona hapa naona 'Karibuni'?" aliuliza kwa sauti ya kutosha watu wa mtaa wa pili. "Jamani, njooni mnisomee. Si imeandikwa 'Karibuni kwa Mama Marumaru'?"

Ukumbi mzima ukageuka. Shingo zilibaki nzima.

Hata mpiga kinanda alinyanyua vidole. Mama Marumaru alisimama polepole. Aliisoma ile sentensi kwenye kioo, midomo ikimcheza. Akamtazama tausi. Kisha akamtazama Laini, na yale macho madogo yakasafiri kutoka viatu vyake mpaka nywele, yakarudi, yakatua.

Laini alianza kutafuta mlango kwa kisigino.

"Mnaona!" Mama Marumaru alipaza sauti, mikono juu. "Mnaona wenyewe! Malkia wa kale, kabla mama yangu hajazaliwa, alijua jina langu! Akaliandika kwa siri, ili nije nilisome kwenye kioo changu mwenyewe! Hao wenye visima wana nini?"

Vigelegele viliinua dari. Walioamini walipiga kwa sababu waliamini, na wasioamini walipiga kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijaletwa. Katikati ya kelele hizo, Mama Marumaru alimkumbatia Laini kama mwana aliyepotea, akambandika kile kitambaa chekundu mkononi, na kumnong'oneza sikioni:

"Nisalimie fundi. Mwambie tausi kafika."

Laini alikuwa ameshafika barabarani ndipo maneno hayo yalipomkuta. Fundi? Amemjuaje fundi? Lakini bangili zilikuwa nzito mfukoni, zikigongana kwa sauti tamu, na mtu anayesikiliza sauti kama hiyo huwa hasikii nyingine.

*

"Nimerudi!" alitangaza getini. Pikipiki ilikuwa pale pale, imeoshwa, imefungwa kreti mbili kubwa nyuma ya kiti. Kreti hizo zilimkera kidogo. "Fungua hiyo midude yako, mama wa chupa. Leo nimekuletea dhahabu."

Akamwaga bangili mezani. Fundi Chupa hakushangaa. Alichagua moja kwa vidole viwili, akawasha jiwe lake la kusugulia makali, akaigusisha. Jiwe lilipiga kelele. Alipoizima mashine, umanjano ulikuwa umeondoka kama poda usoni, na chini yake shaba ilimtazama Laini kwa wekundu wake wote.

"Hiyo moja labda," alisema Laini. Sauti yake haikuwa laini.

Fundi Chupa akachukua ya pili, jiwe likalia. Akachukua ya tatu. Alipotaka ya nne, Laini alimshika mkono.

"Basi. Inatosha."

"Na hii angalia, ina alama upande huu. Unaiona? Hii niliisugua mwenyewe mwanzo wa msimu, Mama Marumaru akaipaka upya. Alinitumia bangili hizi hizi kama malipo ya tausi wake, hata hajaja kumtazama. Nikamrudishia bangili zake, nikabaki na ndege wangu. Sasa niambie, kibao chenye jina la mtu mkubwa namna hiyo nimuuzie nani mwingine?"

Laini alikaa juu ya kreti, pale pale alipokaa Fundi Chupa akikohoa.

"Ulijua. Na hukuniambia."

"Nilikuuliza kama unataka kujua oda ya nani. Ukasema historia yangu itakuchanganya."

"Lakini si nimeuza? Mzigo umetoka! Nilisimama mbele ya watu nikatunga malkia kutoka kwenye hewa tupu! Hiyo si kazi?"

"Kazi nzuri. Mama amepata tausi wake kwa shaba, nawe umemuuzia jina lake mwenyewe kama jina la malkia. Mko sawa kabisa, mngefaa kuoana." Fundi Chupa alivaa kofia ya pikipiki, akafunga mkanda chini ya kidevu. "Ila mimi na wewe tulisema thamani ya kweli. Umerudi na shaba na maneno."

"Hujui hata kuiendesha."

Fundi Chupa aliiendea pikipiki, akaiwasha kwa teke moja. Iliitika haraka kuliko ilivyowahi kumwitikia Laini.

"Kwani nani kanipeleka? Tangu asubuhi nimeshakwenda majalala mawili." Alisogea hatua chache, kisha akasimama, akamtazama. Suti ilikuwa imelowa jasho, makunyanzi kila mahali. Kitu fulani cha zamani kilipita usoni mwake, kikapita kweli, hakikukaa. Alishuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko.

"Chukua pasi yako. Siwezi kukuacha uende mjini umekunjamana hivyo."

Laini aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Alitaka kusema asante, neno ambalo hakulitumia sana nje ya kazi, lakini pikipiki ilikuwa imeshakata kona, chupa tupu zikilia kwenye kreti kama kengele za mtoto.

Akafungua mfuko. Pasi ilikuwa nzuri, nzito, inang'aa. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akitafuta waya.

Ilikuwa ile aliyomuuzia mjomba.